Nani Athibitishe: Kuisoma Kanuni ya Wapanda Nguzo wa Marekani

Sentensi mbili zitatutosha. Ya kwanza ilichapishwa Januari 1994, ya pili Aprili 2014, na zote zimo katika kanuni moja ya serikali ya shirikisho ya Marekani, kanuni namba 1910.269, inayosimamia usalama wa watu wanaozalisha, kusafirisha na kusambaza umeme. Ya kwanza ilimwachia fundi aliyefuzu apande nguzo bila kujifunga. Ya pili ilimtaka ajifunge kila anapovuka futi nne kutoka ardhini, akipanda, akihama na akishuka. Wahandisi na wachumi wamekwisha kuzipima kwa vipimo vyao. Mimi nataka kuzisoma kama tusomavyo ubeti: nani ametajwa kwanza, nani amesukumwa mwishoni, sharti limekaa wapi, na kwa nini ile iliyoandikwa kwa ufundi zaidi ndiyo iliyostahili kufutwa.

Waliozitunga ni OSHA. Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye mambo: tunayo OSHA yetu, wakala wa serikali ulioanzishwa 2001, lakini ninayoizungumzia hapa ni ya Marekani, iliyoanza kazi 1971 kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Nixon Desemba 1970. Herufi nne zimefanana, basi.

Ili kuzisoma vizuri, lazima kwanza tujue kinachofanyika nguzoni. Fundi wa laini anayepanda nguzo ya mti huvaa chuma miguuni. Chuma hicho hupita chini ya soli, kikapanda na mguu mpaka chini ya goti, kikafungwa kwa mikanda. Upande wa ndani, karibu na kifundo, kimetokeza mwiba. Anaupiga mwiba kwenye mti, anasimama juu yake, anaupiga wa mguu wa pili, anapanda. Kiunoni ana mkanda mpana, na ubavuni unaning'inia ukanda mwingine. Akifika juu atauzungusha ukanda huo kwenye nguzo, aufunge upande wa pili, ajilaze nyuma, mikono yote miwili ibaki huru kwa vikombe vya kuhami umeme na waya. Kwa miongo mingi ukanda ulikuwa wa kufanyia kazi tu. Safari yenyewe ya kupanda ilikuwa ya viganja na miiba. Mkwezi wa minazi wa Pemba angeuelewa mtindo huo bila kufundishwa, ila mnazi wake huchongwa vipandio na nguzo haina.

Hatari iko kwenye mwiba. Nguzo kuukuu hupasuka kwa jua na mvua, na mwiba ukiingia penye ufa hauna cha kushika. Dawa inayotiwa mti usioze nayo hubadili ugumu wa mwili wa nguzo. Mwiba ukichomoka, ukanda uliozungushwa kawaida haumsimamishi mtu. Huteleza nao mpaka chini amekumbatia mti, vibanzi vikimchana kifua na mikono. Ndiyo maana vilibuniwa vifaa vya kuibana nguzo: uzito ukiviangukia, hukaza na kumshika mtu pale pale. Kifaa kama hicho kisipokuwapo, amri ya kujifunga wakati wa kupanda ni maneno matupu. Kikiwapo, kuendelea kumruhusu mtu apande bila kufungwa kunahitaji maelezo.

Sasa sentensi ya 1994. Kwa Kiswahili changu inasema kwamba si lazima vifaa vya kinga dhidi ya kuanguka vitumiwe na mfanyakazi aliyefuzu anapopanda au kuhama sehemu kwenye nguzo, minara na miundo inayofanana nayo, isipokuwa hali fulani, kama vile, bila kuishia hapo, barafu, upepo mkali, umbo la muundo wenyewe (mathalani usio na pa kushika kwa mikono) au uchafu uliogandia juu yake, inaweza kumfanya apoteze mshiko au pa kukanyaga.

Tuanze na kiima chake. Kiima ni vifaa. Mtu amekuja nyuma, amebebwa na kauli ya kutendwa, na mwajiri hayumo kabisa. Hapo ndipo penye siri ya sentensi nzima. Ruhusa imetolewa, lakini hakuna aliyeitoa wala aliyeipokea kwa jina. Vifaa tu ndivyo vimesamehewa kazi. Ukiisoma haraka utadhani ni maelezo ya desturi ya mafundi, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo. Sheria iliikuta desturi nguzoni, ikaipiga muhuri.

Halafu tazama sentensi inavyotembea. Inaanza na neno la jumla, vifaa, inapita kwa mtu aliyefuzu, inapanda nguzo pamoja naye, inafika kwenye "isipokuwa", na hapo ghafla inafumbua macho. Barafu. Upepo. Umbo. Uchafu. Mambo manne, kila moja la kuonekana au kuguswa, na la tatu limefunguliwa mabano ili mkono wa mtu uingie ndani ya sheria ukatafute pa kushika. Kisha sentensi yote inatua kwenye kiganja na wayo: mshiko na pa kukanyaga. Nimesoma kanuni nyingi za serikali mbalimbali na ni chache zinazoishia kwenye mwili wa mtu. Aliyeiandika hii, hata kama ni kamati, alikuwa na mtu aliyewahi kupanda.

Kirai "kama vile, bila kuishia hapo" nacho kinastahili sifa. Kinaiacha orodha wazi. Nguzo za zege, kwa mfano, ambazo tunaziona zikiongezeka Kenya na Tanzania, hazitajwi popote katika orodha hiyo, lakini mwiba wa chuma hauingii kwenye zege, na msomaji yeyote makini angeziingiza bila taabu chini ya umbo la muundo usio na pa kushika. Hiyo ni nathari yenye akili. Haijaribu kuijua dunia yote. Inampa msomaji mifano ya kutosha ajue aina ya jambo linalotafutwa.

Kwa hiyo tatizo liko wapi?

Liko katika mahali ilipokaa "isipokuwa". Katika sentensi ya 1994 kanuni ni uhuru, na kinga ndiyo inayokuja kama hali ya pekee. Anayetaka kusema kwamba fundi fulani alipaswa kufungwa, ndiye atakayethibitisha kuwa hali ya pekee ilikuwapo. Kwa utaratibu wa Marekani, OSHA inapomshtaki mwajiri, OSHA ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha kosa. Mkaguzi angepaswa kuonyesha kwamba siku ile, saa ile, kwenye nguzo ile, palikuwa na barafu, au upepo, au uchafu, tena wa kiasi cha kuweza kumfanya mtu apoteze mshiko. Lakini mkaguzi hufika baada ya mtu kuanguka. Barafu huyeyuka. Upepo hutulia. Mvua husafisha uchafu. Ile orodha nzuri ya vitu vya kushikika ni orodha ya ushahidi usiodumu, na ufundi wa sentensi umewekezwa wote kwenye mambo ambayo kesho yake asubuhi hayapo.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Orodha inazitaja hatari za nguzo na hewa, lakini haiutaji uchovu wa mtu, wala mwiba uliolika, wala ufa uliofichwa na rangi ya mti. Ni kweli "bila kuishia hapo" inaweza kuyabeba hayo. Hata hivyo mwelekeo wa mifano unamfundisha msomaji pa kutazama, na mifano yote minne inatazama nje ya mtu. Fundi mwenyewe amekwisha kuvishwa sifa moja, kufuzu, na sifa hiyo imechukuliwa kuwa kinga tosha.

Tanbihi iliyofuata aya hiyo inalifichua jambo hili waziwazi. Ilisema kwamba walio mafunzoni hawahesabiwi kuwa wamefuzu, na kwamba wao lazima wajikinge kila wakiwa juu ya futi nne. Yaani mwanafunzi anafungwa, fundi anafunguliwa. Ukanda wakati wa kupanda ukawa alama ya uanagenzi, na siku ya kufuzu ikawa siku ya kuuvua. Sheria iliyokusudia kulinda maisha iligeuka, kwa umbo lake tu, kuwa ngazi ya heshima ambayo kipandio chake cha juu hakina kamba. Nani kati ya vijana wa kazi hiyo angetaka kuonekana amejifunga?

Tangu zamani fani hii ilikuwa na sababu za kutilia shaka kwamba kufuzu ni kinga tosha. Chama cha mafundi umeme wa Marekani, IBEW, kilizaliwa St. Louis mwaka 1891, na rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini. Alikufa Washington mwaka 1896, akiwa kazini, baada ya kupigwa na umeme na kuanguka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Miller hakufuzu.

Tuje kwa sentensi ya 2014. Rasimu ya mabadiliko ilitangazwa Juni 2005, kwa hiyo kazi yote ilichukua karibu miaka tisa mpaka kanuni kamili ilipochapishwa tarehe 11 Aprili 2014. Maneno yake, tena kwa Kiswahili changu: kuanzia tarehe 1 Aprili 2015, kila mfanyakazi aliyefuzu anayepanda au kuhama sehemu kwenye nguzo, minara au miundo inayofanana nayo lazima atumie vifaa vya kinga dhidi ya kuanguka, isipokuwa mwajiri aweze kuthibitisha kwamba kupanda au kuhama sehemu kwa kinga hakuwezekani, au kunaleta hatari kubwa kuliko kupanda au kuhama sehemu bila kinga.

Kiima kimebadilika. Vifaa vimeshuka vikawa shamirisho, mtu amepanda mbele. Na hakuja peke yake; amekuja na neno "kila". Neno hilo dogo lina bei. Desemba 2008 OSHA ilitoa kanuni ya kufafanua kwamba wajibu wa mwajiri wa kutoa vifaa vya kujikinga na mafunzo ni wajibu kwa kila mfanyakazi mmoja mmoja, na kila asiyepewa anaweza kuhesabiwa kosa lake. Lugha ya jumla ya 1994 ingeweza kumaanisha kundi moja na kosa moja. "Kila" inawahesabu vichwa. Ukitaka kujua tofauti kati ya maneno ya jumla na "kila" katika lugha ya sheria, muulize mhasibu wa kampuni.

Kisha "isipokuwa" ile ile, lakini imehama upande. Sasa kanuni ni kujifunga, na uhuru ndio hali ya pekee. Na baada ya "isipokuwa" hakuna tena barafu wala upepo. Yuko mwajiri, ambaye katika sentensi ya 1994 hakuwamo. Amewekwa mlangoni, amepewa kitenzi kimoja kizito, kuthibitisha, na milango miwili ya kupitia: haiwezekani, au inaongeza hatari. Hoja hizi mbili hazikubuniwa hapo. Ni utetezi uliozoeleka katika kesi za usalama kazini za Marekani, ambao mwajiri ndiye huuleta na mwajiri ndiye huubeba. Watunzi wa 2014 waliuokota kwenye mahakama wakaupachika ndani ya sentensi. Mkaguzi sasa anahitaji kuonyesha tu kwamba mtu alikuwa juu bila kufungwa. Hali ya hewa ya siku ile imekuwa shida ya mwajiri.

Sikiliza pia urudiaji. "Kupanda au kuhama sehemu" imetokea mara tatu katika sentensi moja. Mwalimu wa insha angeipiga mstari mwekundu: kiwakilishi kingetosha. Mimi naona kimeachwa kwa makusudi. Kila mara mwajiri anapofikia mlango wa kutokea, anakumbushwa tendo lile lile. Hawezi kusema kwamba kinga haiwezekani kwenye kazi hii kwa ujumla. Lazima aseme haiwezekani katika kupanda huku, katika kuhama huku, kuvuka transfoma hii au kebo hii ya simu. Urudiaji huo ndio uti wa mgongo wa sentensi, ingawa unaifanya iwe nzito mdomoni.

Na uzito huo, kusema kweli, umezidi. Sentensi ya 2014 haina hata kitu kimoja cha kuguswa zaidi ya nguzo na mnara. Inaishia kwenye ulinganisho wa hatari kubwa na hatari ndogo, lugha ya mezani. Fundi anayeisoma kwenye kibanda cha kampuni haoni chochote anachokijua. Ya 1994 ilimtaja yeye na adui zake kwa majina. Ya 2014 inamtaja yeye, kisha inageuka kuzungumza na bosi wake juu ya kichwa chake. Ulinzi umeongezeka na usomaji umepungua, na sioni kwa nini ilikuwa lazima viende pamoja.

Kuna jambo jingine la umbo ambalo sijalikuta katika kanuni nyingi. Aya ya 2014 inazibeba sentensi zote mbili. Inaanza kwa kusema kwamba mpaka tarehe 31 Machi 2015 fundi aliyefuzu hahitaji kujifunga isipokuwa kuwe na barafu na upepo na kadhalika, nukta, kisha kuanzia tarehe 1 Aprili lazima ajifunge. Ile ya zamani imenakiliwa karibu neno kwa neno, ikapewa siku yake ya kufa. Sababu ni ya kawaida: waajiri walihitaji muda wa kununua vifaa na kufundisha watu. Lakini msomaji anayekutana na aya hiyo baada ya muda kupita, anaisoma ruhusa kwanza na amri baadaye, na ruhusa ndiyo yenye picha zinazokaa kichwani. Mtunzi mwangalifu angeiweka amri mbele na muda wa mpito nyuma.

Vipimo navyo vimegeuzwa. Mwaka 1994 kiwango kilikuwa futi nne, na mita 1.2 katika mabano. Mwaka 2014 kikawa mita 1.2, na futi nne katika mabano. Urefu haukubadilika hata kidole, na simjui fundi wa Ohio aliyewahi kufikiri kwa mita. Yenye maana zaidi ni namba zinazofuata: mfumo wa kumshikilia mtu mahali pa kazi ufungwe ili asianguke zaidi ya mita 0.6, na pale unapofungwa pahimili kilonewtoni 13.3 au mara mbili ya mshtuko wa anguko, kwa kuchukua kiasi kilicho kikubwa zaidi. Nguzo ya mti haina pete ya kufungia kamba, hivyo tanbihi imeongezwa kuvikubali vile vifaa vya kubana nguzo kuwa vinatosha, vikitumiwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Bila tanbihi hiyo ndogo sentensi kubwa isingetekelezeka, maana kila mwajiri angepita mlango wa kwanza akisema haiwezekani.

Tanbihi ya kufuzu nayo imeandikwa upya. Sasa mtu hahesabiwi kuwa amefuzu mpaka mwajiri ahakikishe kwamba ni stadi wa kupanda na wa kutumia kinga. Zamani uanagenzi ulikuwa hali ya mtu. Sasa kufuzu ni jambo ambalo mwajiri analijibia. Ule utengano wa heshima haukuondoka kabisa, kwani mwanafunzi bado hana mlango wowote wa kutokea na aliyefuzu anao kupitia mwajiri wake. Lakini wote wawili wanapanda wamefungwa, na aibu ya ukanda imekosa pa kukaa.

Waingereza waliandika kwa mtindo mwingine. Kanuni zao za kazi za juu za 2005 zinamtaka mwajiri ahakikishe kazi haifanyiki juu pale inapowezekana kwa kadiri ya busara kuifanya salama bila kupanda. Hazina futi nne. Swali lao la kwanza ni kwa nini mtu apande. Aya ya Marekani hailigusi swali hilo. Inamkuta mtu tayari yuko nguzoni. Kama utunzi, ya Uingereza ina mpangilio bora wa mawazo, ila "kwa kadiri ya busara" ni mlango mpana kuliko ile miwili ya Marekani, na ningependa kuona nani anaupita.

OSHA ilikadiria kwamba kanuni yote ya 2014 ingeokoa maisha ya watu karibu 20 na kuzuia majeraha makubwa 118 kila mwaka. Makadirio hayo yanajumuisha mambo mengi, yakiwamo moto wa cheche za umeme na mafunzo, kwa hiyo asitokee wa kuyatumia kuisifu sentensi moja. Sentensi ya wapanda nguzo isifiwe kwa kile inachokifanya yenyewe: imemtoa mwajiri mafichoni na kumpa mzigo ambao mkaguzi hakuweza kuubeba.

Kama nathari, ya 1994 inashinda bila ubishi. Kama sheria, ilistahili kuondoka, na iliondoka ikiwa imechelewa. Ningepewa kalamu ya mhariri ningeiacha amri ya 2014 kama ilivyo, pamoja na urudiaji wake, ningeifuta nusu iliyokwisha muda, na barafu, upepo, umbo na uchafu ningevirudisha chini yake kama tanbihi, nikiongeza ufa na mwiba uliolika, ili fundi naye apate sehemu ya kusoma.